Ziara ya Teksi Nyeusi Mjini Belfast: Inastahili Fedha Yake, Ila Chagua Dereva

Mtu anayefika Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini iliyo sehemu ya Uingereza, kwa mara ya kwanza akiwa na nusu siku tu ya kutembea, huduma ninayompendekezea kabla ya jumba lolote la makumbusho ni ziara ya teksi nyeusi katika mitaa ya magharibi mwa jiji. Ziara hii huchukua saa moja na nusu hivi, pengine zaidi kidogo, na dereva, ambaye mara nyingi amezaliwa na kukulia katika mitaa hiyohiyo, hukufuata hotelini au katikati ya mji, akakupitisha Falls Road, wanakoishi zaidi Wakatoliki wanaojihesabu kuwa Wairishi, akakuvusha lango la ukuta unaozitenganisha pande mbili za mitaa hiyo, kisha akakutembeza Shankill Road, wanakoishi zaidi Waprotestanti wanaojihesabu kuwa Waingereza. Barabara hizo mbili zinakwenda karibu sambamba, na kama si ukuta ungetoka moja ukaingia nyingine kwa miguu bila hata kuchoka.

Kampuni zinazotoa huduma hii ni nyingi, na ile niliyoitumia sitaitaja, kwa sababu kinachoamua ubora wa ziara ni dereva unayepangiwa kuliko jina lililoandikwa ubavuni mwa gari. Hukumu yangu ni kwamba huduma hii ni nzuri sana katika kuonyesha jinsi jirani wawili wanavyoweza kulelewa katika nchi mbili tofauti bila yeyote kuhama nyumba, na ni dhaifu katika kuonyesha watu wa Belfast ambao hawamo kabisa katika hesabu hiyo ya wawili. Mtu akilijua hilo mapema, atapata faida kubwa.

Gari lenyewe ni sehemu ya habari. Ni teksi ya aina ya London, yenye nafasi kubwa nyuma na viti vidogo vya kukunjua, hivi kwamba abiria hukaa wakitazamana. Magari haya hayakuletwa Belfast kwa ajili ya watalii. Machafuko kati ya waliotaka kuungana na Ireland na waliotaka kubaki Uingereza yalipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, mabasi yalitekwa na kuchomwa moto ili yawe vizuizi vya barabarani, na huduma ya mabasi katika mitaa ya magharibi ikawa ya kubahatisha au ikakatika kabisa. Wakazi wakanunua teksi kuukuu kutoka London wakaanza kubeba watu kwa nauli ndogo, kila mmoja akilipia kiti chake, gari likiondoka likijaa na abiria akigonga kioo anapotaka kushuka. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hiyo ni daladala, hiyo ni matatu, iliyozaliwa kwa sababu ileile ya watu kujitafutia usafiri pale wenye mamlaka waliposhindwa kuwafikishia. Tofauti ni kwamba Falls ilikuwa na teksi zake na Shankill zake, na abiria wa upande mmoja hakupanda gari la upande wa pili. Baada ya amani kurejea, madereva wengi walioijua mitaa hiyo kichochoro kwa kichochoro wakageuka kuwa waongozaji wa wageni. Dereva wetu alikuwa mmoja wao, na ujuzi huo ulionekana tangu kona ya kwanza.

Upande wa Falls aliufanya vizuri mno. Alitusimamisha mbele ya picha kubwa ya Bobby Sands, mfungwa wa IRA, kundi la wapiganaji waliotaka Ireland ya Kaskazini iungane na Ireland, iliyochorwa kwenye ukuta wa ofisi ya Sinn Féin, chama chenye lengo hilohilo, kwenye kona ya Sevastopol Street, akatueleza kwa utulivu jinsi kijana huyo alivyogoma kula gerezani akidai kutambuliwa kuwa mfungwa wa kisiasa, alivyochaguliwa kuwa mbunge Aprili 1981 akiwa bado kitandani mwa gereza, na alivyofariki tarehe 5 Mei mwaka huo baada ya siku 66 bila chakula, akifuatwa na wenzake tisa. Hakupaza sauti na hakutafuta machozi yetu. Kutoka hapo tulishuka hadi kwenye ule ukuta mrefu wa michoro ya mshikamano wa kimataifa, ambako nyuso za mashujaa wa Ireland zilipakana na Wapalestina, na Nelson Mandela, na Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwa akaja kuhutubia Belfast mwaka 1845. Kwa mgeni kutoka Afrika hapa ndipo unapoelewa jambo ambalo vitabu hulieleza kwa ugumu: wakazi wa Falls hawajioni kama Wazungu wa kona fulani ya Uingereza, wanajiweka katika safu moja na watu waliotawaliwa, na wamelichora hilo hadharani ili watoto wao wakue wakilisoma.

Kisha tukaingia Bombay Street. Ziara nzima ingekuwa ni mtaa huu peke yake, bado ningelipa. Agosti 1969 nyumba za hapa zilichomwa moto na kundi la watu lililotoka upande wa pili, familia zikakimbia na vitu walivyoweza kubeba, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo mvulana wa miaka 15. Nyumba zimejengwa upya, ni za matofali mekundu na nadhifu, na mbele yake hakuna cha ajabu. Dereva alituzungusha hadi nyuma. Ukuta wa Cupar Way umesimama pale, umbali wa hatua chache tu kutoka jikoni kwa watu, na juu ya ua wa kila nyumba pamefungwa kizimba cha wavu wa chuma kinachotoka ukutani mwa nyumba hadi kwenye uzio, kuzuia mawe na chupa zinazorushwa kutoka ng'ambo. Chini ya wavu huo niliona kamba ya kuanikia nguo, baiskeli ya mtoto na vyungu vya maua. Watu wanaishi humo leo, si kumbukumbu ya zamani, na dereva alituomba kwa upole tusiwapige picha waliokuwa uani. Kwa hilo namheshimu, kwa sababu nilishuhudia wageni wa magari mengine wakiinua simu zao bila kuuliza.

Ukiuvuka ukuta kupitia lango na kuutazama kwa upande wa pili, unaona sehemu tatu zilizopandishwa juu ya nyingine: zege chini, mabati ya chuma katikati, na wavu juu kabisa, kila tabaka likiwa limeongezwa kila watu walipopata njia ya kurusha kitu kuvuka lile la awali. Hapa madereva huwapa wageni kalamu nene waandike majina na salamu za amani. Sioni ubaya wa kuandika, lakini thamani ya kituo hiki ni ule muda wa kusimama na kuuliza maswali, kwa hiyo nashauri kalamu iende haraka na maswali yachukue nafasi. Katika gari letu alikuwamo mzee mmoja wa Mombasa, mgeni wa mwanawe anayefanya kazi ng'ambo hii, naye aliuliza swali ambalo sisi wengine tulilikwepa.

"Sasa mwanangu, kijana wa huku akimpenda binti wa kule, wanakwenda kuishi wapi?"

Mwanawe akatafsiri. Dereva alicheka kwanza, halafu akanyamaza kidogo kabla ya kujibu kwamba wanahamia mahali pengine, kusini mwa jiji au nje kabisa, mahali ambapo hakuna atakayewauliza jina la shule waliyosoma. Shule ndiyo hasa inayomtambulisha mtu hapa, kwa sababu watoto walio wengi bado husoma shule za Kikatoliki au zile za serikali ambazo kwa kawaida hujazwa na Waprotestanti. Shule ya kwanza iliyoanzishwa makusudi kwa ajili ya kuwachanganya watoto, Lagan College, ilifunguliwa mwaka 1981 na wanafunzi 28, na hadi leo shule za aina hiyo zinabeba chini ya moja ya kumi ya wanafunzi wote wa Ireland ya Kaskazini. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Basi ukuta hauko hapa tu." Sikusikia maelezo bora kuliko hayo siku ile nzima.

Tatizo lilianza tulipoingia Shankill. Dereva yuleyule aliyezungumza Bombay Street kama mtu anayesimulia ya nyumbani kwao, alianza ghafla kusoma tarehe. Alituonyesha mawe ya ukingo wa barabara yaliyopakwa nyekundu, nyeupe na bluu, picha ya Mfalme William wa Tatu aliyeshinda vita vya mto Boyne mwaka 1690, picha ya Malkia Elizabeth wa Pili, na michoro ya wanamgambo wenye bunduki, kisha akawasha gari. Hakuna alichosema cha uongo. Lakini mgeni angeondoka pale akidhani kwamba watu wa Shankill ni watu wa bendera na bunduki tu, ilhali wa Falls ni watu wenye historia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sitamlaumu mtu aliyekulia upande mmoja kwa kuujua upande huo kuliko mwingine. Ninachokilaumu ni huduma kuuzwa kwa maneno ya "pande zote mbili" halafu upande mmoja upewe robo ya muda.

Ndiyo maana baadaye nilitafuta mwongozaji wa Shankill, nikaizunguka mitaa hiyo upya. Tofauti ilikuwa kubwa. Huyu alitusimamisha mahali palipokuwa na duka la samaki ambamo bomu la IRA lililipuka Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 1993, barabara ikiwa imejaa wanunuzi, likaua watu tisa wasio na hatia wakiwemo watoto, pamoja na mmoja wa waliolitega. Dereva wa kwanza alipita pale bila kupunguza mwendo. Kisha akatueleza habari ya Divisheni ya 36 ya Ulster, iliyoundwa kwa sehemu kubwa na vijana wa mitaa kama hii, ambayo katika siku mbili za mwanzo za mapigano ya Somme nchini Ufaransa, Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipoteza zaidi ya askari 5,000 waliouawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo. Ukiyasikia hayo ukiwa umesimama mbele ya nyumba walikotoka, unaelewa kwa nini wazo la kuachana na Uingereza linachukuliwa hapa kama kuwasaliti wafu. Mwongozaji huyo aliongeza jambo ambalo pande zote mbili zilikaa miaka mingi bila kulitaja: wanaume wa Falls nao walijiunga na jeshi hilohilo la Uingereza, wengi wao katika Divisheni ya 16, wakapigana Guillemont na Ginchy Septemba ya mwaka uleule, na Juni 1917 divisheni hizo mbili zilishambulia bega kwa bega huko Messines, Ubelgiji. Waliporudi, wa kwanza walijengewa kumbukumbu, na wa pili walirudi katika nchi iliyokuwa inapigania uhuru, wakaona ni salama zaidi kuficha nishani zao.

Hata hivyo, waongozaji wote wawili walifanana katika jambo moja, nalo ni kuiacha habari yao katika miaka ya vita. Mtu anaweza kumaliza ziara asijue kwamba suala la nani ni Mwirishi na nani ni Mwingereza lina sheria yake ya leo, ya kipekee duniani. Mkataba wa Ijumaa Kuu uliotiwa saini tarehe 10 Aprili 1998 unasema kwamba watu wa Ireland ya Kaskazini wana haki ya kuzaliwa nayo ya kujitambulisha na kukubaliwa kuwa Wairishi, au Waingereza, au vyote viwili kama wapendavyo, na kushika uraia wa nchi zote mbili. Nilipomuuliza dereva wa kwanza ana pasipoti gani, alijibu kwamba ana ya Ireland tangu utotoni na mkewe anazo zote mbili, maana baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya hata majirani wa Shankill walikimbilia posta kuchukua fomu za Ireland. Sensa inamuunga mkono kwa kiasi fulani: wenye pasipoti ya Ireland walipanda kutoka takriban 375,800 mwaka 2011 hadi 614,300 mwaka 2021. Habari kama hiyo ilistahili kuwa katikati ya ziara, lakini ilitoka kwa sababu tu tuliuliza.

Sensa hiyohiyo ina takwimu nyingine ambayo ningependa kila dereva aibandike garini. Mwaka 2021, waliojitambulisha kuwa Waingereza tu walikuwa asilimia 31.9, wakiwa wameshuka kutoka 39.9 miaka kumi kabla yake. Waliosema ni Wairishi tu walikuwa asilimia 29.1. Na asilimia 19.8, yaani karibu mtu mmoja kwa kila watano, hawakuchagua lolote kati ya hayo mawili, wakasema wao ni watu wa Ireland ya Kaskazini, basi. Kundi hilo la tatu halina ukuta wala mchoro, na teksi haipiti kwao.

Kuna pia upande wa sheria unaowahusu moja kwa moja wasomaji wetu wanaoishi Ulaya na wanaohangaika na viza za wenza wao. Emma DeSouza, mzaliwa wa Magherafelt, alipomwombea mumewe Mmarekani kibali cha ukazi mwaka 2015 kwa kutumia uraia wake wa Ireland, aliambiwa na serikali ya Uingereza kwamba kisheria yeye ni Mwingereza kwa kuzaliwa, atake asitake, na kwamba kama hautaki uraia huo aukane. Mahakama ya rufaa ya uhamiaji iliiunga mkono serikali mwaka 2019, na kanuni zikaja kurekebishwa mwaka 2020 ili familia za watu kama yeye zitendewe kama familia za raia wa Ulaya kwa kipindi kilichokuwa kimebaki baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kesi hiyo inaonyesha kwamba haki ya kujiita utakavyo na haki ya kutambuliwa hivyo dirishani kwa ofisa wa uhamiaji ni vitu viwili, na wahamiaji wengi wanalijua hilo bila kusomeshwa.

Upande wenye faraja zaidi ni michezo. Mwanamichezo wa Ireland ya Kaskazini akifika Olimpiki anaweza kuvaa jezi ya nchi yoyote kati ya hizo mbili, na katika michezo ya Paris ya 2024, Rhys McClenaghan wa Newtownards alishinda dhahabu ya jimnastiki akiwa na Ireland, na Hannah Scott wa Coleraine akashinda dhahabu ya kupiga makasia akiwa na Uingereza. Nyumbani walishangiliwa wote wawili. Kama ningekuwa mwendeshaji wa ziara hizi, ningeanza na hao wawili kabla ya Mfalme William.

Kwa kuwa teksi haitakupeleka, nashauri uongeze vituo viwili kwa miguu yako mwenyewe. Cha kwanza ni Cultúrlann McAdam Ó Fiaich, kituo cha lugha ya Kiirishi kilichopo Falls Road tangu mwaka 1991, ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Wapresbiteri. Kina mkahawa, duka la vitabu na ukumbi wa maonyesho, na wahudumu hukusalimu kwa Kiirishi kabla hawajabadilisha wanapoona umeduwaa. Majina mawili katika jina la kituo ni ya Robert McAdam, mfanyabiashara Mpresbiteri wa karne ya 19 aliyekusanya methali na miswada ya Kiirishi, na Kardinali Tomás Ó Fiaich wa Kanisa Katoliki, yaani lugha ambayo leo inahesabiwa kuwa ya upande mmoja ilikuwa na watetezi pande zote. Kaa pale, agiza supu na mkate, usikilize watoto wa shule wakigombana kwa lugha ambayo mwaka 1971, ilipofunguliwa shule ya kwanza ya Kiirishi mjini, ilikuwa na wanafunzi tisa tu darasani. Sisi tuliolelewa katika lugha iliyokuja kuwa ya taifa tunaweza kukaa katika mkahawa ule kwa muda mrefu.

Cha pili kiko ng'ambo ya mto, Newtownards Road, mashariki mwa jiji, eneo la Waprotestanti wa kiwanda cha meli. Huko, katika jengo la Skainos, Linda Ervine, mwanamke Mprotestanti, alianzisha mwaka 2011 mradi wa Turas wa kufundisha Kiirishi, na watu wa mitaa ile wanakuja kujifunza lugha iliyoko katika majina ya mitaa na milima yao wenyewe bila kuona kwamba wamebadili kabila. Eneo hilohilo tangu mwaka 2020 lina klabu ya michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ireland, iitwayo East Belfast GAA, ambayo nembo yake ina neno moja la umoja kwa Kiingereza, Kiirishi na Kiskoti cha Ulster. Klabu imewahi kupata vitisho, na bado inacheza. Hakuna dereva aliyenitajia habari hizi mbili, na kwangu hizo ndizo zinazoonyesha mji unakokwenda.

Pengo kubwa kuliko yote ni sisi. Belfast ya leo ina Wasomali, Wasudani, Wakongomani, Wachina, Wahindi na Wapolandi, na ziara ya teksi inapita mbele ya maduka yao bila kuwataja. Tarehe 3 Agosti 2024, katika fujo za kupinga wahamiaji, biashara za wageni zilivunjwa na kuchomwa moto kusini mwa katikati ya jiji, na katika maandamano ya siku hiyo bendera ya Ireland iliyobebwa na watu waliotoka Dublin ilionekana pamoja na bendera ya Uingereza. Mwaka huohuo, huko Derry, Lilian Seenoi-Barr, mzaliwa wa Narok nchini Kenya aliyeanzisha jumuiya ya kuwatetea wahamiaji kaskazini magharibi, aliapishwa kuwa meya wa halmashauri ya Derry na Strabane, meya wa kwanza Mweusi katika Ireland ya Kaskazini. Mambo hayo mawili yametokea ndani ya miezi michache, na mtu anayetaka kujua nani anahesabiwa mwenyeji hapa hawezi kuyaruka. Hata ile haki tukufu ya mwaka 1998 ina mpaka wake: inamhusu aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini akiwa na angalau mzazi mmoja aliye Mwingereza, Mwirishi, au mwenye ruhusa ya kuishi pale bila kikomo cha muda. Mtoto wa mwomba hifadhi kutoka Goma aliyezaliwa katika hospitali ya Falls Road hana uraia wa moja kwa moja wa upande wowote, na Ireland yenyewe iliufunga mlango huo kwa kura ya maoni ya Juni 2004. Mzazi huyo akipanda teksi hii na kusikia tu habari za Wakatoliki na Waprotestanti, atashuka akiwa amefahamu ugomvi wa wenye nyumba lakini hajui kama chumba chake kimo katika hesabu.

Kuhusu mambo ya kawaida ya huduma, sina malalamiko makubwa. Sisi watatu tulilipa pauni 60 kwa gari zima, na kwa kuwa bei hupangwa kwa gari kuliko kwa kichwa, mtu anayekwenda peke yake afadhali atafute wenzake. Dereva alifika kwa wakati, na alikuwa na njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, jambo lililomsaidia mzee wetu ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi za mabasi ya utalii. Kiingereza cha Belfast kina kasi na lafudhi nzito. Mwombe dereva apunguze mwendo wa maneno, hatachukia. Kwa watoto wadogo siipendekezi, maana picha za bunduki na habari za mabomu ni nyingi. Panga ziara asubuhi au mchana, kwa sababu malango kadhaa ya ukuta hufungwa usiku. Kuhusu usalama, sikuhisi hofu mchana, ila tusidanganyane kwamba yamekwisha: Aprili 2021 basi lilichomwa moto karibu na lango la Lanark Way, na ahadi ya serikali ya mwaka 2013 ya kubomoa kuta zote ifikapo 2023 haikutimia. Ukienda usiku wa tarehe 11 na siku ya tarehe 12 Julai, wakati wa mioto mikubwa na maandamano ya Waprotestanti, uliza kwanza barabara zipi zitakuwa wazi.

Wanaotoka Dublin kwa basi nawasihi wawe waangalifu na viza. Mpakani hakuna kizuizi wala ofisa, basi halipunguzi hata mwendo, lakini viza ya Ireland haimruhusu Mtanzania, Mkenya au Mkongomani kuingia Belfast, wala viza ya Uingereza haimruhusu kushuka Dublin. Ukaguzi wa ghafla ndani ya mabasi hutokea.

Unapoagiza, usikubali tu jibu la "ndiyo, tunapita pande zote mbili". Uliza kama kampuni inaweza kukubadilishia dereva ukutani, au kama ina mtu wa Shankill wa kukupokea lango likivukwa. Kama haiwezi, zipo ziara za miguu zinazoongozwa na waliokuwa wafungwa wa kisiasa, ambapo wa upande wa Falls hukufikisha ukutani akakukabidhi kwa mwenzake wa upande wa pili. Wao nao wana yao ya kuvutia kwao, na wengine walishika bunduki zenyewe, lakini utasikia kila upande kutoka kinywani mwa mwenyewe. Mimi nikirudi na wageni wengine nitachukua hiyo ya makabidhiano asubuhi, tule mchana Cultúrlann, kisha tuvuke mto kwenda Newtownards Road kabla giza halijaingia.